Kompyuta Haiumwi Magoti

Kuna sentensi moja ambayo ningekuwa mhariri ningeipiga marufuku chumba kizima cha habari: "Utafiti wa kompyuta umethibitisha kwamba..." Mbele yake jaza mwenyewe. Manjano yanaponya uvimbe wa ndani. Mwarobaini unaishinda diklofenaki. Mlonge unamaliza baridi yabisi. Wiki hii nimetumiwa habari za namna hiyo mara tatu kwenye WhatsApp, mara mbili na watu wenye digrii zao, na mara ya tatu na mwandishi mwenzangu aliyetaka nimsaidie kupata kichwa cha habari kikali. Nilimwambia kichwa cha kweli kingekuwa "Programu yasema molekuli huenda ikaenea kwenye tundu". Hakufurahi.

Msinielewe vibaya, wadau. Sina ugomvi na miti shamba. Nimenyweshwa mwarobaini utotoni huku nimeshikwa pua, kama wengi wenu. Na sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na hilo neno "umethibitisha", kwa sababu kuna watu wanaliamini na kuacha vidonge vyao.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ukijikwaa, kidole kikavimba, kikawa chekundu, kikapata moto na kuuma, hiyo ni kinga ya mwili iko kazini. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mroma mmoja, Celsus, karibu miaka 2,000 iliyopita, na madaktari wanafundishwa mpaka leo. Kwa kawaida moto huo huwaka, hufanya kazi yake, huzimika. Balaa linakuja unapokataa kuzimika: viungo vinaliwa na baridi yabisi, njia za hewa zinabana kwa pumu, utumbo unatoka vidonda. Wagonjwa wengi wa Uviko-19 waliozidiwa hawakuuawa na kirusi peke yake. Kinga yao wenyewe ilichachamaa ikaharibu mapafu.

Ndani ya chembe za mwili moto huo unachochewa na protini nyingi, na baadhi zinajulikana vizuri. Maarufu kuliko zote ni kimeng'enya kinachoitwa COX-2, kinachosaidia kutengeneza kemikali za uvimbe na maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki unazonunua duka la dawa zinafanya kazi kwa kukiziba hicho na ndugu yake COX-1. Sura ya COX-2, kona kwa kona, ilichapishwa mwaka 1996. Sura za protini kama hizo zimehifadhiwa kwenye kanzidata iliyoanzishwa mwaka 1971, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzipakua bila kulipa hata senti.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Unachukua sura ya protini, unaitafuta ile sehemu yenye tundu, halafu unaiambia programu: nijaribishie molekuli hizi elfu moja, moja moja, uzigeuze huku na huku, uniambie ipi inakaa vizuri. Ni kama fundi wa kufuli mwenye rundo la funguo, ila huyu hachoki wala haombi chai. Mwisho anakupa alama. Kadiri alama inavyokuwa hasi zaidi ndivyo molekuli inavyodhaniwa kushika vizuri. Programu maarufu ya kazi hii, AutoDock Vina, ilitolewa mwaka 2010, ni ya bure, na inafanya kazi kwenye laptop ya kawaida. Rafiki yangu anayesoma shahada ya uzamili alinionyesha. Tulianza kabla ya chakula cha mchana, tuliporudi majibu yalikuwa tayari.

Ni kitu kizuri sana. Lakini sikiliza sasa.

Hiyo alama ni makadirio. Watengenezaji wa Vina wenyewe waliandika mwaka 2010 kwamba kosa la kawaida la makadirio yao ni karibu kilokalori 2.85 kwa moli. Kwa lugha ya mtaani: tofauti ya kilokalori 1.4 hivi inatosha kubadilisha nguvu ya molekuli kushika protini mara kumi. Kwa hiyo kosa la 2.85 ni kosa la zaidi ya mara mia. Ukisoma kwamba kitu fulani cha kwenye mmea kimepata alama hasi 9.1 na dawa ya hospitali imepata hasi 8.4, "hivyo mmea umeishinda dawa", ujue unasomewa mizani ya sokoni inayokosea kilo tatu wakati mnabishana juu ya robo. Na waliosema mizani inakosea ni waliyoitengeneza.

Kuna la pili, ambalo waandishi wa tafiti hizi wanalijua lakini kwenye taarifa kwa vyombo vya habari halimo. Molekuli kubwa, zenye sehemu nyingi za kushikia, huwa zinapata alama nzuri karibu popote unapozipachika. Mimea imejaa molekuli za aina hiyo. Chukua kwesetini, iliyomo kwenye vitunguu. Ukitafuta utaikuta imetajwa kuziba protini za uvimbe, za kisukari, za saratani, na ilipokuja Uviko-19 ikatajwa kuziba za kirusi pia. Kama mambo yangekuwa hivyo, wapenzi wa kachumbari wangekuwa hawafi.

La tatu ni mwili wenyewe. Kompyuta inaiweka molekuli moja kwa moja tunduni. Mwili hauna adabu hiyo. Molekuli inabidi ipite tumboni, ikubaliwe na utumbo, ipite kwenye ini ambalo kazi yake mojawapo ni kukatakata wageni, ielee kwenye damu, iingie ndani ya chembe, na ifike ikiwa bado nzima. Hapa ndipo manjano yanapokwama. Kiini chake, kurkumini, ndicho kipenzi cha tafiti za namna hii duniani. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani, wakiongozwa na Kathryn Nelson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walipitia lundo la tafiti zake. Walikuta kurkumini inaharibika haraka, haifyonzwi vizuri, na mbaya zaidi, inadanganya vipimo vya maabara: ina rangi na mng'ao unaoweza kufanya kipimo kionyeshe matokeo ambayo hayapo. Waliandika kwamba majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu yalikuwa yamefanyika na hakuna hata moja, kati ya yale yenye udhibiti mkali ambamo mgonjwa wala daktari hajui nani kapewa nini, lililokuwa limefaulu.

Tangu wakati huo kuna majaribio madogo ya maumivu ya magoti yaliyoonyesha nafuu kiasi, na si haki kuyaficha. Lakini ili kurkumini ifyonzwe, wauzaji wa vidonge huichanganya na kiini cha pilipili manga, ambacho hulizuia ini lisiivunje haraka. Matokeo yake? Mwaka 2019 Italia ililazimika kuchunguza visa vya watu waliopata homa ya ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, na mwaka 2022 watafiti wa Marekani wakaripoti visa vyao. Manjano ya kwenye pilau hayana neno, endeleeni kula. Nasema vidonge.

Sasa kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Mtaani kwetu yuko mama mmoja mwenye baridi yabisi. Alikuwa kwenye methotreksati, dawa ambayo inatumiwa dunia nzima kwa ugonjwa huo, ya bei ya kawaida, yenye karaha zake: kichefuchefu, kupimwa damu mara kwa mara. Mwanawe wa kiume, msomi, kijana mzuri tu, akamtumia habari kwamba wanasayansi wamethibitisha kwa kompyuta kuwa manjano na tangawizi vinazima uvimbe bila madhara. Mama akaacha vidonge. Haikuwa ujinga. Aliambiwa ni sayansi, na aliyemwambia alikuwa na shahada ukutani. Miezi ikapita. Sasa hawezi kufunga vifungo vya gauni lake. Amerudi hospitali na maumivu yamepungua, lakini baridi yabisi ikishakula kiungo, dawa inaweza kuizuia isiendelee, haiwezi kukirudisha kiungo. Vidole vilivyopinda vimepinda.

Yule kijana hakutunga uongo. Alisambaza habari iliyoandikwa na mtu wa taaluma yangu, ambaye aliitoa kwenye taarifa ya chuo, iliyotolewa kwenye makala ya kisayansi ambamo neno lililotumika, nimeisoma, lilikuwa "huenda". Kila mkono uliopokea uliongeza chumvi kidogo, na aliyekula chumvi yote ni mama.

Kuna watakaosema: basi tatizo ni miti shamba, kompyuta ikisema juu ya dawa za viwandani iko salama. Hapana. Kumbukeni Vioxx. Hii ilikuwa dawa ya kampuni ya Merck ya kuzuia uvimbe, iliyotengenezwa mahsusi iizibe COX-2 na kuiacha COX-1, ili watu wasipate vidonda vya tumbo. Kwenye kufuli lake ilienea sawasawa, si kwa kukadiria, kwa vipimo halisi. Ikaruhusiwa Marekani mwaka 1999. Septemba 2004 Merck ikaiondoa sokoni duniani kote, baada ya majaribio yake yenyewe kuonyesha kwamba waliotumia kwa zaidi ya miezi 18 walipata shambulio la moyo na kiharusi kuliko waliopewa kidonge kitupu. COX-2 kumbe ina kazi nyingine kwenye mishipa ya damu: inasaidia kutengeneza kemikali inayozuia damu kuganda ovyo. Ufunguo ulikuwa sahihi kabisa. Mlango ndio haukutakiwa kufunguliwa wote.

Ilijulikana kwa kuhesabu watu.

Haya, upande wa pili. Kama kompyuta ingekuwa kelele tupu nisingepoteza muda wenu. Mwezi Februari 2020, wakati Uviko-19 bado inatajwa kama habari za China, kampuni ya London inayoitwa BenevolentAI iliagiza akili mnemba yao ipekue maarifa yaliyokwisha kuchapishwa kuhusu dawa, protini na magonjwa, itafute dawa iliyopo tayari ambayo ingeweza kusaidia. Ikawapa barisitinibu, kidonge cha baridi yabisi kilichokuwa kimeruhusiwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Hoja yao ilikuwa kwamba dawa hiyo ingeweza kuzuia kirusi kuingia kwenye chembe, na wakati huo huo kutuliza uvimbe, kwa kuwa inaziba vimeng'enya vinavyopeleka amri za kinga. Wakaandika barua fupi kwenye jarida la Lancet. Ukurasa mmoja na kitu. Hawakuandika "tumethibitisha".

Angalia kilichofuata, maana hapa ndipo penye utamu. Dawa ilipelekwa kwa wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu, jaribio la kwanza, la pili, na hatimaye lile kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY, lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 8,000 wa barisitinibu peke yake. Matokeo ya mwaka 2022: kati ya waliopata matibabu ya kawaida walikufa asilimia 14, kati ya walioongezewa barisitinibu walikufa asilimia 12. Watu wawili katika mia. Januari mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaipendekeza kwa nguvu kwa wagonjwa mahututi, na Mei Marekani ikairuhusu rasmi. Wawili katika mia! Hakuna mhariri wa kwetu ambaye angeiweka habari hiyo ukurasa wa mbele. Lakini hiyo ndiyo sura ya ushahidi wa kweli. Haina makelele, na ina watu waliorudi nyumbani.

Na jaribio hilo hilo la RECOVERY, mwezi Juni 2020, lilishaonyesha kwamba deksamethasoni, steroidi ya tangu miaka ya 1950, ya bei chee, inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine za kupumulia na kwa moja ya tano kwa wanaohitaji oksijeni. Hakuna aliyehitaji akili mnemba kuikumbuka. Walihitaji ujasiri wa kuuliza swali na wagonjwa wa kutosha kulijibu.

Mwezi huo wa Mei uliotangulia, sisi tulipeleka ndege Antananarivo kuchukua dawa ya mitishamba ya Madagaska. Mnakumbuka. Sina haja ya kuchekesha watu kwa jambo lile, hofu ilikuwa kubwa na kila nchi ilikuwa inapapasa gizani. Ninachokisikitikia ni kwamba chupa zilifika na jaribio la wazi, la kuhesabu waliokunywa na wasiokunywa na kutangaza matokeo kwa umma, sisi wananchi hatukuwahi kuliona.

Mimi naona kompyuta ingetufaa sisi kuliko Wazungu. Mwenye pesa anaweza kujaribu vitu elfu kumi maabara. Sisi hatuwezi, kwa hiyo tunamhitaji zaidi yule anayeweza kutuchagulia ishirini vya kuanzia. Na kazi imeshaanzwa na Waafrika. Fidele Ntie-Kang wa Kamerun na wenzake walichapisha mwaka 2013 kanzidata ya AfroDb, yenye molekuli zipatazo elfu moja kutoka mimea ya dawa ya Afrika, zikiwa tayari kwa programu hizi. Afrika Kusini nao wana ya kwao. Hapa kwetu Muhimbili walianza kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, leo ni taasisi kamili. Sheria ya tiba asili tunayo tangu 2002. Waganga tunao, mimea tunayo, vijana wanaojua kuendesha Vina kwenye laptop tunao.

Kinachokosekana ni kipande cha katikati, kile cha gharama. Kusafisha molekuli kutoka kwenye majani. Kuipima kwenye protini halisi. Kuipima kwenye chembe hai, kisha panya, kisha watu wachache wenye afya, kisha wagonjwa mamia. Huko ndiko zinakofia nyingi, na ni haki zife. Mwaka 2019 watafiti wa California na wenzao walichapisha kwenye jarida la Nature kazi kubwa kuliko zote za wakati wake: kwa protini moja ya ubongo walipachika kwa kompyuta molekuli milioni 138, wakatengeneza 549 na kuzipima kweli maabara. Hata zile zilizopewa alama za juu kabisa, zilizoshika protini hiyo zilikuwa kama robo tu. Robo! Na hao ni mabingwa, na kushika protini kwenye kibomba si kuponya mtu. Sasa linganisha na makala yenye molekuli kumi na mbili, laptop moja, hakuna kibomba hata kimoja, na sentensi ya mwisho inayosema mmea huu ni tiba tarajiwa.

Kwa nini makala hizo ni nyingi hivyo? Kwa sababu ni za bei rahisi na vyuo vinapandisha watu vyeo kwa kuhesabu machapisho. Mhadhiri simlaumu sana. Akiomba fedha za kipande cha katikati anaambiwa bajeti hakuna, akipachika molekuli usiku kwake anapata chapisho kabla ya mwisho wa muhula. Ningekuwa kwenye jopo linalogawa fedha za utafiti ningeweka sharti moja: pesa ya kompyuta haitoki bila pesa ya maabara kufuatana nayo, hata kama badala ya miradi kumi tutapata miwili.

Na kwa wenzangu wa kalamu, swali la kumuuliza mtafiti ni fupi na halihitaji digrii ya kemia: nani ameinywa? Wangapi, kwa muda gani, na wale waliopewa kidonge kitupu walikuwaje? Akijibu "bado, hii ni hatua ya kompyuta", bado ana habari, na inaweza kuwa nzuri. Iandike hivyo hivyo, na neno "bado" liwe kwenye sentensi ya kwanza badala ya aya ya kumi na nne ambayo hata msanifu kurasa huwa anaikata.

Anayejua mmea wowote wa Afrika Mashariki uliopendekezwa na programu kwa ajili ya uvimbe, ukapita maabara, ukafika kwa wagonjwa mia mbili waliogawanywa kwa bahati nasibu, aniandikie. Iwe umefaulu au umefeli, nautaka. Uliofeli pengine nautaka zaidi, kwa sababu huo hakuna atakayenitumia kwenye WhatsApp.